Mwanafunzi Apewe Mahali pa Kulala

Kuna adhabu iliyozoeleka mno katika shule zetu hata hakuna anayeihoji. Mwanafunzi akisinzia darasani husimamishwa wima nyuma ya chumba hadi kipindi kiishe, huku wenzake wakimcheka. Mwalimu humwita mvivu. Ni nadra sana kwa mwalimu huyo kumwuliza swali jepesi kuliko yote: jana ulilala wapi, tena saa ngapi?

Swali hilo lingeulizwa hapa Sondu, soko lililokaa kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kisii, pale zinapopakana kaunti za Kisumu na Kericho, majibu yangetia huruma. Mtoto wa mchuuzi aliyepanga chumba kimoja cha mabati hana kitanda. Godoro lake hutandikwa mbele ya pazia, mahali pale pale wageni wanapokaribishwa. Basi hawezi kujinyoosha kabla mgeni wa mwisho hajaaga na luninga haijazimwa. Huko nje matatu hupiga honi, baa hushindana kwa muziki, na ikiwa kuna matanga au mkesha wa maombi, vipaza sauti huendelea hadi majogoo. Mto Miriu hapa jirani huendesha mitambo ya umeme ya megawati 60; laiti wenye baa wangekumbuka kwamba umeme huo una swichi. Kabla hapajapambazuka mtoto huamshwa ili godoro liondolewe, mama apate pa kuweka jiko. Huyo ndiye anayetakiwa kukokotoa hesabu saa mbili asubuhi.

Wazee wa Kiluo hawakuliacha jambo hili lijiendee lenyewe. Mvulana aliyebaleghe alikuwa na simba, kibanda chake karibu na lango la boma. Wasichana walilala kwa bibi, katika siwindhe, wakisikiliza ngano na mafunzo ya maisha mpaka usingizi uwachukue. Sisemi turejee huko. Ardhi yenyewe ya kujengea simba sokoni iko wapi? Ninalosema ni kwamba malazi ya kijana yalikuwa na jina, yalikuwa na nafasi maalumu ndani ya boma, na yalikuwa na mtu mzima wa kuyaangalia. Chumba cha kupanga kimeyafuta yote hayo, nasi hatujaweka kingine badala yake.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walipendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Aidha, yafahamika kwamba katika umri wa kubaleghe saa ya mwili husogea mbele, hivyo kijana hupatwa na usingizi akiwa amechelewa kuliko alivyokuwa utotoni. Huo si ukaidi, ndivyo alivyoumbwa. Ni katika usingizi ndipo ubongo huyaimarisha yale uliyojifunza mchana. Kwa hiyo mwalimu anayepunguza usingizi ili aongeze marudio anapanda kwa mkono mmoja na kung'oa kwa mwingine.

La kushangaza ni kwamba sheria iko upande wa mtoto. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga muda wa kulala katika shule za mabweni tangu saa tatu u nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa 8 na nusu kamili. Lakini ni shule ngapi ambako kengele hulia saa kumi alfajiri, nao wazazi wakapiga makofi kwa kudhani kuwa hiyo ndiyo bidii? Mwalimu mkuu atasema kwamba shule jirani inafanya vivyo hivyo. Hoja hiyo haina miguu. Iwapo kila shule inaiba usiku wa watoto wake, hakuna iliyoitangulia nyingine; wote wamechoka sawasawa.

Nayo mabweni yenyewe? Tangu mwaka 2018, serikali iliposisitiza kila mtoto aingie sekondari, vitanda vimebanwa hata katika baadhi ya mabweni mtu hupita ubavu ubavu. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 wataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya mita 2, milango inayofunguka kwa nje na madirisha yasiyo na vyuma. Vipimo hivyo si anasa. Huko Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea mwaka 2001. Endarasha, Nyeri, wengine 21 walikufa Septemba 2024. Mtoto ajuaye kwamba mlango umefungwa kwa nje hulala jicho moja likiwa wazi.

Nyumbani, mengi hayahitaji fedha nyingi. Katika ukanda huu wa ziwa, ulioelemewa na malaria kuliko sehemu nyingine za nchi, chandarua chenye dawa ndicho kifaa cha kwanza cha chumba cha kulala. Kitundikwe juu ya godoro la mtoto na kichomekwe pembeni, wala kisigeuzwe ua wa kuku au kianikio cha omena. Koroboi izimwe na itolewe, kwa maana moshi wake huwasha koo usiku kucha. Simu ikae kwa mzazi. Na jiko la makaa, hata baridi ya kutoka upande wa Kericho iwe kali namna gani, lisiingizwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeua.

Yapo yasiyo katika uwezo wa mzazi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwenye makazi ya watu. Kutekeleza ni kazi ya wenye mamlaka. Ni juu yao pia kulinda amani ya mpaka huu: Oktoba 2022, mapigano yalipozuka Sondu, watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Usiku wa namna hiyo hakuna pazia linalomfaa mtoto.

Wakuu wa shule hawana haja ya kungoja mtu. Kengele ya saa kumi yaweza kunyamazishwa muhula mmoja tu, kisha alama za muhula huo zilinganishwe na za muhula uliotangulia, mbele ya wazazi.