Ndege ya mtoto ipae kwanza, ndipo tuipe alama

Wiki jana mama wa mlango wa pili alikesha hadi saa saba usiku akitengeneza ndege. Kadibodi, gundi, rangi, hata bendera ya Kenya kwenye mkia. Mtoto wake wa Gredi ya 5 alikuwa amelala fofofo. Asubuhi ndege ikabebwa shuleni kama keki ya harusi, jioni ikarudi na maneno ya mwalimu: amezidi matarajio.

Mtoi akaja kwangu na swali moja tu. "Anko, mbona hii ndege hairuki?"

Hapo ndipo nilijua nani hasa amezidi matarajio, na si mama wala mwalimu. Ukifunza mtoto ndege na ndege yenyewe haipai, umemfunza kupaka rangi tu.

Basi tukachukua karatasi mbili za daftari, saizi moja. Ya kwanza tukaikunja iwe nyembamba, imechongoka kama mshale. Ya pili tukaiachia mabawa mapana. Tukazirusha kwenye korido ya ploti, mahali hakuna upepo. Mshale ukatoka mbio, ukagonga sakafu haraka. Ile pana ikaenda polepole, ikaelea, ikachelewa kushuka. Dogo akakuna kichwa. "Lakini karatasi ni sawa, anko. Ni mabawa tu tumebadilisha." Mimi sikuwa nimemwambia hivyo.

Na mifano imejaa Nairobi hii. Angalia wale korongo wa miti ya Nyayo, Mombasa Road. Mabawa yao yakikunjuliwa ni kama mita 2.5, tena mapana, ndiyo maana wanapanda na hewa moto bila kupiga bawa. Mbayuwayu ana mabawa membamba yaliyochongoka, anakata kona akifukuza wadudu. Ndege ndogo za Wilson zinazokwenda Mara zina mabawa yaliyonyooka, kwa sababu lazima zipae na kutua kwa mwendo mdogo kwenye viwanja vifupi. Jeti za F-5 za jeshi letu zina mabawa mafupi, membamba, ya kasi. Nayo Dreamliner ya Kenya Airways ina mabawa ya mita 60 kutoka ncha hadi ncha, marefu kuliko mwili wake, kwa sababu bawa refu na jembamba linaokoa mafuta.

Sasa nikwambie kilichoniuma. Mimi shuleni niliambiwa kwamba bawa limebinuka juu ili hewa ya juu ikimbie ikutane na mwenzake wa chini pale nyuma. Nikakariri, nikapata alama zangu. Kumbe si kweli! Hewa ya juu inakimbia, ndiyo, lakini haina miadi na mtu. Kwa kweli inafika nyuma kabla ya ile ya chini. Bawa linaielekeza hewa chini, nayo hewa inalisukuma bawa juu. Na bawa la karatasi ni bapa juu na chini, lakini linapaa. Mtoto mwenye karatasi mkononi angempinga mwalimu wangu kwa dakika mbili. Sisi tulikuwa na daftari tu, na ukiuliza sana unaambiwa unapoteza wakati wa wenzako.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilichangia, siwezi kudanganya. Lakini pia nilifika mahali pa kujaribu vitu mwenyewe, na nilichojua ni kukariri peke yake. Sitaki huyu dogo aligundue hilo akiwa na miaka ishirini.

Najua mwalimu mwenye watoto sitini darasani ananisoma akisonya. Mwalimu, nakuelewa, kazi ni nyingi. Lakini watoto sitini ni makundi kumi na mawili ya watano, na karatasi za mtihani wa jana zipo. Masharti ni machache: mtoto akisie kwanza, abadilishe kitu kimoja kwa wakati, apime kwa hatua za miguu, aandike. Ndege ikianguka na anaweza kusema kwa nini, mpe alama. Nanyi wazazi, tafadhali laleni.

Jana dogo alikunja ukingo wa nyuma wa mabawa kuelekea juu. Ndege ikainua pua, ikasimama hewani, ikaanguka pu! Akaiokota. "Nimekunja sana." Akapunguza kidogo, akarusha tena, ikafika hadi mlango wa caretaker.

Ile ya mama bado iko juu ya TV, safi kabisa. Za mtoto zote zimepondeka pua. Mimi najua ni zipi ningezipa alama.