Mteja Mwenye Haraka Ndiye Anayemvutisha Fundi Vumbi

Tunapenda kuwalaumu maseremala wa jua kali kwamba hawajali afya zao. Kwa maoni yangu, lawama kubwa ni yetu sisi wateja, nami nikiwemo.

Ofisi moja katikati ya jiji la Nairobi ilipouza samani zake kuukuu, nilinunua meza ya kuandikia iliyofunikwa kwa vinia, yaani ule utando mwembamba wa mbao ya thamani unaogundishwa juu ya mbao hafifu. Pembe moja ilikuwa imebanduka. Niliipeleka kwa mafundi wa kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, nikataka iwe tayari jioni, tena ing'ae yote.

"Mzee, hiyo ni kazi ndogo," fundi akaniambia, kisha akawasha mashine ya msasa. Vumbi la kahawia likatanda. Puani hakuwa na kitu. Mwanagenzi wake alikuwa ameketi hapo hapo akila chapati.

Ni kweli vanishi kuukuu lazima iondolewe kabla ya kugundisha. Gundi nyeupe ya mbao hushika kwa kupenya ndani ya nyuzi za mbao. Ukiipaka juu ya vanishi hukaa juu tu, na vinia hubanduka tena. Lakini palipohitaji kusafishwa ni pale pa kutiwa gundi, pasipozidi upana wa vidole viwili. Pengine pote palikuwa tamaa yangu.

Mwaka wa 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi hilo pia huleta pumu. Na ikiwa samani ilipakwa rangi zamani, huenda vumbi lake lina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto.

Wengine hukimbilia dawa ya kubandua rangi. Aina zenye dikloromethani ni za kuogopwa: mwilini, kemikali hiyo hugeuka kuwa kaboni monoksaidi, hewa ile ile ya jiko la makaa lililofungiwa chumbani. Marekani ilipiga marufuku kuwauzia wananchi dawa hizo mwaka wa 2019, baada ya vifo vya watu waliozitumia ndani ya nyumba. Kitambaa ulichojifunga usoni hakizuii mvuke huo.

Mafundi wa zamani walikwangua vanishi taratibu kwa bamba la chuma lenye makali, au hata kipande cha kioo. Hutoka maganda, si vumbi jingi, na vinia haiharibiki. Inachukua muda, na muda ni pesa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, lakini fundi wa kando ya barabara mara nyingi hana mwajiri ila mteja wa siku hiyo. Basi mteja na aongeze bei ya siku ya pili na ya barakoa halisi ya vumbi.

Meza yangu ilirudi jioni ile ile, na doa jeupe ukingoni: mashine ilikuwa imekula vinia, ambayo unene wake haukufika milimita moja. Fundi aliniomba radhi huku akikohoa.