Waya wako utengeneze mwenyewe

Wale mliosikiliza kipindi chetu cha mabibi mtakumbuka kuna pahala sauti ya bibi yangu inakatika, halafu inaingia mikwaruzo kama mafuta ya sambusa. Hapo tulikata dakika 22. Wengi mmeniandikia kuuliza imekuwaje. Jibu langu ni fupi: waya.

Tulikuwa nyumbani kwake hapa Sib, baada ya Isha. Kiyoyozi tumekizima kisisikike kwenye rekodi, bibi anajipepea na kipepeo chake cha ukili. Alikuwa anahadithia harusi yake Ng'ambo, Unguja. Akawa anawataja wanawake waliokuja kuimba, mmoja mmoja, huyu mama wa nani, yule nyumba yao ilikuwa wapi. Waya wa kipaza sauti ulikuwa umeshaachia ndani ya jeki. Kila bibi akigusa meza, sauti inaondoka. Na mie hedifoni nimezivaa shingoni badala ya masikioni. Hilo kosa langu, sikatai.

Wiki ya pili nikarudi kumuomba asimulie tena. Akaniambia, "Nshakwambia hayo, mwanangu." Akasimulia kwa kunihurumia tu, dakika kumi, na nusu ya majina hayakuwemo.

Sasa, ule waya niliununua tayari. Jeki zake zimemiminwa plastiki, huna pa kufungulia. Ukiharibika unautupa, unanunua mwingine. Nilikuwa nishatupa minne ndani ya miaka miwili na wala sikuwahi kujiuliza ndani yake mna nini. Ndiyo maana naandika haya. Naamini mtu yeyote anayepiga gitaa, au udi wa kuchomeka kwenye amplifaya, au anayerekodi wazee wake kama sisi, anatakiwa ajue kutengeneza waya wake mwenyewe. Pesa utaokoa kidogo tu, na mara ya kwanza huokoi kitu kwa sababu utanunua vifaa. Faida ni kwamba waya ulioufunga mwenyewe unaweza kuufungua. Ukikatika usiku, bibi yupo mbele yako na moyo umemfunguka, unautengeneza hapo hapo.

Mie nilifundishwa na ami yangu. Ujanani alikuwa akitengeneza redio Unguja. Alipokuja Oman miaka ya 1970 akaingia ofisini, akakaa huko mpaka kustaafu. Nilimpelekea ule waya. "Shikamoo, ami." "Marahaba. Umeniletea maiti?" Akauchana kwa kisu kuanzia mwanzo mpaka mwisho ili nione.

Waya wa gitaa ni hivi. Katikati pana nyuzi nyembamba za shaba, hizo ndizo zinazobeba sauti. Juu yake pana plastiki. Juu ya plastiki, nyaya nyingine zina ngozi nyembamba nyeusi inayopitisha umeme, kazi yake kupunguza kelele waya unapokanyagwa au kuvutwa. Halafu wavu wa shaba, halafu mpira wa nje. Wavu una kazi mbili: ni njia ya umeme kurudi, na ni ukuta wa kuzuia ule mvumo wa umeme wa nyumba, wa hezi 50, usiingie ndani. Ile ngozi nyeusi lazima uimenye vizuri. Ukiacha kipande kikagusa ncha ya kati, sauti inavuja na gitaa linakuwa dhaifu, na utatafuta ugonjwa siku nzima.

Waya wa kipaza sauti, ule wa jeki ya XLR yenye pini tatu, una nyuzi mbili za ndani na wavu. Pini ya 1 ni ya wavu. Pini za 2 na 3 zinabeba sauti ile ile, moja kinyume cha nyingine. Kifaa cha kurekodia kinachukua tofauti baina ya hizo mbili. Kelele iliyoingia njiani imeingia kote kuwili sawasawa, kwa hiyo inajifuta. Ndiyo maana waya wa kipaza sauti unaweza kwenda makumi ya mita bila taabu, na wa gitaa hauwezi.

Hapo ndipo kutengeneza mwenyewe kunapokuwa na faida ya kusikika. Nyaya nyingi za gitaa zina kapasitansi ya kiasi cha pikofaradi 100 kwa kila mita, na gitaa la kawaida lisilo na betri linaisikia. Waya wa mita 6 ni pikofaradi 600 na zile sauti nyembamba za juu zinafifia. Ukikata mita 3, mzigo unapungua nusu. Dukani wanakuuzia urefu wanaoutaka wao. Ukinunua waya kwa mita, unakata unaokutosha chumbani kwako.

Na msidanganywe na nyaya za bei ya mahari. Unachohitaji ni shaba nzuri, wavu uliosukwa kwa karibu na jeki imara. Jeki iliyopakwa dhahabu inafaa kidogo kwetu huku pwani, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na hewa ya Sib wakati wa joto ina unyevu na chumvi. Sauti haiongezi utamu.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Kabla ya yote, ingiza kifuniko cha jeki kwenye waya. Kila mtu husahau, na mie nimesahau mara tatu, ikabidi niyeyushe kila kitu nianze upya. Halafu unamenya, unasokota nyuzi, unazipaka lehemu kidogo. Chuma cha kulehemu kiwe kwenye joto la nyuzi 350 hivi. Unapasha moto ile sehemu ya jeki pamoja na waya, na lehemu unaigusisha hapo ikayeyuka kwa joto lao. Usiidondoshe kutoka kwenye chuma kama nta ya mshumaa. Shikilia bila kutikisa mpaka ipoe. Kwa lehemu ya kawaida ya bati 60 na risasi 40, kiungo kizuri kinang'aa. Kikiwa na rangi ya majivu na chembechembe, kirudie. Ukimaliza, chukua multimita upime: ncha kwa ncha ilie, ncha kwa wavu isilie. Na upime huku unautikisa waya, kwa sababu waya mbovu ukilala kimya hujifanya mzima.

Fungua dirisha, maana moshi wake si mzuri. Risasi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono kabla hujagusa chakula, na watoto wasikae karibu. Waya wa gitaa usiutumie kuunganisha amplifaya na spika, haukutengenezwa kubeba nguvu ile. Na nyaya za umeme wa ukutani mwachieni fundi umeme. Hapa tunazungumzia nyaya za sauti tu.

Nilipoweka picha ya waya wangu wa kwanza kwenye grupu la familia, mmoja akaandika: "Umesoma miaka yote hiyo ili uwe fundi?" Watu wakacheka. Na mie nikacheka, lakini iliniuma, na nimeifikiria sana.

Naielewa ilikotoka. Wazee wetu wengi waliokuja Oman kuanzia miaka ya 1970 walipata kazi kwa sababu ya kusoma, na Kiingereza kiliwafungulia milango. Wakataka sisi tukae mbali na mikono michafu. Hakuna ubaya katika kututakia hivyo. Lakini tumekuwa watu tunaompigia simu mtu aje abadilishe taa. Mafundi wengi wa Sib leo ni watu wa India, Pakistan na Bangladesh, na neno "fundi" tunalitamka kama la mtu wa chini. Wakati kwa Kiswahili fundi ni mtu anayejua. Fundi na kufundisha ni shina moja. Ami yangu alikuwa fundi kabla hajawa afisa, na miaka yote niliyomjua sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nyumbani ilisimuliwa ile ofisi tu.

Wenzetu hawakuona haya. Kundi la Konono Nº1 la Kinshasa, lake Mingiedi Mawangu, lilitaka likembe zisikike kwenye kelele za mji. Vifaa vya dukani hawakuwa navyo. Wakajitengenezea vipaza sauti kwa sumaku walizozitoa kwenye vyuma vya magari mabovu. Mikwaruzo ya vifaa vile ikawa ndiyo sauti yao, na albamu yao Congotronics ya 2004 ikasikilizwa mpaka Ulaya na Marekani. Sisi tuna maduka ya vifaa vya umeme Ruwi, tuna mshahara, tuna Ijumaa nzima ya mapumziko. Kisingizio chetu ni kipi?

Na kuna jambo jengine linalotuhusu sisi hasa, watoto tuliozaliwa huku. Kiswahili chetu wengi ni cha jikoni na cha kugombezwa. Neno "menya" nilikuwa nalijua kwa muhogo na embe. "Wavu" nilikuwa naujua kwa samaki. "Lehemu" sikuwahi kulisikia, mpaka ami aliponiambia, "Si ndiyo hiyo hiyo *liham* ya Waarabu?" Nimekaa miaka thelathini na kitu na lugha hii bila kujua kwamba kuna upande wake mzima wa mafundi. Maneno haya hayamo kwenye mazungumzo ya sebuleni. Yanatoka mtu anapokuwa na kazi mkononi na wewe umekaa pembeni yake unamshikia waya. Ami ana miaka sabini na kenda sasa na mkono umeanza kumtetemeka. Mie ndiye ninayelehemu, yeye anatazama na kunitukana kidogo.

Mwezi uliopita nilirudi tena kwa bibi na waya nilioutengeneza mwenyewe, mita 3, hedifoni masikioni. Akauliza nani kaufanya. Nikamwambia mie. Akaushika, akautazama, akasema, "Kumbe unajua kazi." Halafu akasimulia. Kuna majina mawili yalirudi ambayo mara ya pili hakuyataja. Mengine hajayakumbuka, na sitaki kumsumbua. Nitakwenda tena baada ya Ramadhani.

Kwa anayetaka kuanza: mita 3 za waya wa gitaa, jeki mbili za robo inchi zenye kifuniko cha kufungulika, lehemu, chuma cha kulehemu na multimita ya bei rahisi. Halafu uulize kwenu ni nani aliyekuwa akitengeneza redio. Karibu kila familia yetu anaye mmoja, na hakuna anayemuuliza.