Maoni ya Msomaji Kijana: Sekai Hakuwa na Laana

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Singida, nilimaliza kusoma vitabu viwili vinavyotumika shuleni. Katika tamthilia ya Kilio Chetu, vijana wanapatwa na maafa ya UKIMWI kwa kuwa wazazi waliona haya kuwaeleza ukweli. Katika Takadini, riwaya ya Ben Hanson, Sekai anatoroka kijiji chake ili mwanawe mwenye ualbino asiuawe.

Kwa maoni yangu, vitabu hivi tunavisoma nusu. Katika somo la fasihi tunaorodhesha dhamira na wahusika. Katika Baiolojia tunafundishwa urithi kwa njegere za Mendel, na Sekai hatajwi. Laiti angetajwa, tungefahamu kwamba ualbino hutokana na jeni za baba na za mama pia. Wazazi wasio na ualbino, kila mmoja akiibeba jeni hiyo, kila mtoto wanayemzaa ana uwezekano wa 1 kwa 4 wa kuwa na ualbino. Hapo hapana laana, wala kosa la mama.

Mwanafunzi mwenye ualbino anahitaji kofia, kivuli na kiti karibu na ubao. Ajuaye sababu hatamwogopa mwenzake. Walimu wetu, tuunganishieni masomo haya.