Tumewapa Vijana Kazi Gani?



Watu wa Yathrib walipohitaji mwalimu kabla ya Hijra, Mtume (S.A.W.) hakuwapelekea mzee. Alimtuma Mus'ab bin Umair (R.A.), kijana aliyelelewa Makka katika mavazi mazuri na manukato, kisha akafungiwa na mama yake kwa kusilimu kwake, akahamia Uhabeshi. Huko Yathrib, Usaid bin Hudhair alimjia na mkuki, akamwamrisha aondoke ikiwa anaipenda roho yake. Mus'ab hakukimbia wala hakutafuta silaha. Alimwomba aketi asikilize. Likimpendeza alikubali, na likimchukiza aepushwe nalo. Usaid akaona kuwa hayo ni maneno ya uadilifu, akauchomeka mkuki wake ardhini, akaketi. Akasilimu yeye, kisha Saad bin Muadh, na kwa ajili ya Saad ukasilimu ukoo wote wa Bani Abdil-Ash'hal.

Katika kazi hiyo Mus'ab aliiweka roho yake rehani, na hakumwaga damu ya mtu. Alipouawa Uhud mwaka wa 3 Hijria, akiwa ameshika bendera, shuka aliyoacha haikutosha kumsitiri: wakifunika kichwa, miguu hutoka.

Na katika Uhud hiyo hiyo, Mtume (S.A.W.) alimkatalia Abdallah bin Umar (R.A.), mwenye miaka 14, asiingie vitani. Alimruhusu katika vita vya Handaki, alipokuwa na miaka 15. Ushujaa wa kijana ulikuwa na mtu wa kuupima na kuuambia: bado.

Leo hata neno letu la "kujitoa mhanga" limetekwa. Zamani lilimaanisha kujitolea kwa jambo tukufu. Sasa msomaji wa gazeti akiliona huwaza bomu. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokutwa mabwenini alfajiri. Kuua wasio na hatia ni haramu, na hatuna "lakini" ya kuongeza hapo. Ila tujiulize: mmoja wa wauaji alikuwa kijana Mkenya, mhitimu wa sheria wa chuo kikuu. Hakukosa elimu ya darasani. Inaelekea alitafuta jambo kubwa la kulifia, akakutana na wenye kulitoa kwa bei ya dhulma.

Je, sisi tunawapa nini? Katika misikiti yetu mingi kijana hutandika mikeka siku ya Idi na kubeba masufuria ya futari. Akiuliza hesabu ya michango ya jengo, huambiwa hana adabu. Kisha usiku, kwenye simu yake, mtu asiyemjua humwambia: wewe ndiwe Usama wa zama hizi.

Usama bin Zaid (R.A.) alikabidhiwa jeshi akiwa na umri wa miaka kama 18, na masahaba wakubwa wakiwa chini yake. Walikuwapo walionung'unika, kama wazee wetu wanavyonung'unika kwamba vijana hawana subira. Mtume (S.A.W.) hakubadili amri. Baada ya kufa kwake, Abubakar (R.A.) alilisindikiza jeshi kwa miguu, Usama akiwa juu ya kipando, na akamwomba yeye, kijana, idhini ya kubaki na Umar Madina.

Kazi za hatari za halali zipo tele. Zipo nyumba mitaani mwetu ambamo unga huuzwa mchana kweupe, na kila mtu anazijua. Vipo vijiji ambavyo havijawahi kuwa na darsa, na mwalimu atakayekwenda huko atalala njaa siku nyingine. Wapo waliokamatwa na jamaa zao wanaogopa hata kuhudhuria mahakamani. Vijana wako tayari kwenda. Wanachokosa ni mzee wa kusimama nao pale muuza unga atakapowatisha, au askari atakapowashuku.

Tunaziomba kamati za misikiti, kabla ya Ramadhani, ziwape vijana viti viwili katika vikao vyake, na mmoja wao akabidhiwe daftari la hazina.