Adui wa Gari Lililolala ni Maji

Ndugu askari, huko Ulaya dizeli huganda kwa baridi. Mbarara hatuna baridi hiyo. Adui wetu ni maji. Tangi likiachwa nusu tupu, unyevu wa hewa hugeuka matone usiku, hutuama chini, na kutu huziba chujio.

Basi lori litakalolala kwa muda mrefu lijazwe mafuta, chujio litolewe maji, waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Wako wasemao kuwa tangi lililojaa hualika wezi. Dawa ya mwizi ni lindo imara, si tangi tupu. Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, mgonjwa wa usiku hawezi kungoja lori lisilowaka.