Maziwa yaweza kusema kama ng'ombe hajashika mimba

NG'OMBE wa maziwa anayemtia hasara mfugaji mara nyingi si mgonjwa. Ni yule aliyehimilishwa, hakushika mimba, na hakuna aliyegundua. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi, pengine usiku na kwa saa chache tu, na ng'ombe wa bandani aliye peke yake hana mwenzake wa kumpanda ili mwenye mali aone.

Chukua mfano. Joto lililorudi siku ya 21 likigunduliwa siku ya 63, siku 42 zimepotea. Kama chakula chake ni Sh 3,000 kwa siku, hizo ni Sh 126,000, bado hujahesabu ndama aliyechelewa.

Dalili imo ndani ya maziwa. Homoni ya projesteroni, ambayo mwili huitumia kutunza mimba, hushuka sana ng'ombe akiwa kwenye joto na hubaki juu akishika mimba. Tatizo ni uchache wake: katika mililita moja ya maziwa huhesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni moja za gramu.

Hapo ndipo zinapoingia chembe ndogo sana zinazong'aa. Hubandikwa kingamwili inayonasa projesteroni, kisha huwekwa kwenye kijiti cha kupimia. Maziwa nayo hung'aa kidogo yakimulikwa, lakini chembe zenye madini ya yuropiamu huendelea kung'aa kitambo kidogo baada ya taa kuzimwa. Kifaa husubiri mng'ao wa maziwa ufe, ndipo kisome.

Mfugaji aangalie jambo moja. Katika vipimo vingi vya aina hii homoni ikiwa nyingi mstari hufifia, kinyume cha kipimo cha mimba cha duka la dawa. (Hicho cha binadamu hakimfai ng'ombe hata kidogo, kinatafuta homoni asiyokuwa nayo.)

Kati ya siku ya 21 na 24, projesteroni ikiwa chini, karibu hakika hana mimba. Ikiwa juu, usishangilie bado, kwani mimba changa huweza kufa. Mtaalamu apime tena baadaye. Kipimo hiki kinafaa pia siku yenyewe ya kuhimilisha: homoni ikiwa juu, ng'ombe hayuko kwenye joto na mbegu itapotea bure.

Kwa maoni yetu, mwenye ng'ombe wawili hana sababu ya kununua kifaa cha kusomea mwanga. Mahali pake ni kituo cha kukusanyia maziwa, chini ya ushirika. Viongozi wakifuatwa na muuzaji, waulize bei ya kijiti kimoja kimoja, kama vijiti vinahitaji jokofu, na kama chembe zake zina kadimiamu, ambayo ni sumu na haifai kutupwa karibu na malisho.